Kompyuta hazionani nyumbani: uendelee kuitibu folda ya pamoja au uhamie njia nyingine?

Kompyuta mbili ziko nyumba moja, zote zinaingia intaneti bila shida, lakini moja ikiitafuta folda ya mwenzake inaambiwa hakuna kitu kama hicho. Jana ilifungua. Leo inadai nenosiri ambalo hukumbuki kuliweka. Mwenye haraka anachomoa flashi mfukoni na mambo yanaendelea. Mwenye ubishi anakaa hapo mpaka usiku wa manane. Mimi nimekuwa wote wawili kwa nyakati tofauti. Nilichogundua ni kwamba njia za kupitisha mafaili nyumbani hazitofautiani sana zikiwa nzima. Tofauti huonekana zinapogoma: nyingine hugoma kwa kelele na kukuonyesha pa kushika, nyingine hugoma kimyakimya na kukuachia nakala mbili za faili moja zisizofanana.

Njia zenyewe ni tano: kuirekebisha folda ya pamoja ya Windows, flashi au diski ya nje, programu za kurushiana mafaili, diski moja ya nyumba nzima, na hifadhi ya mtandaoni.

Kabla ya kuchagua, pima

Ukihama njia bila kujua ugonjwa uko wapi, unaweza kuhama nao. Vipimo vitatu vinatosha, na havizidi dakika kumi.

Cha kwanza, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwenye kila kompyuta, andika ipconfig, kisha soma anwani ya IPv4, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Kama moja ni 192.168.1.22 na nyingine ni 192.168.0.14, basi kwa mipangilio ya kawaida ya nyumbani hizo ziko kwenye mitandao miwili tofauti. Mara nyingi utakuta kuna ruta ya pili iliyochomekwa nyuma ya ya kwanza ili kuongeza Wi-Fi, nayo imejitengenezea mtandao wake. Namba tatu za kwanza za anwani zikifanana na bado hazionani, angalia kama mojawapo imeingia kwenye Wi-Fi ya wageni. Mtandao wa wageni umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane, kwa hiyo usiulaumu kwa kufanya kazi yake.

Cha pili, andika ping ukifuatiwa na anwani ya kompyuta nyingine. Ikijibu, njia iko wazi. Isipojibu, usikate tamaa bado, kwa sababu fayawoli ya Windows, yaani ukuta wake wa ulinzi, huweza kuzima majibu hayo hata pale ambapo mtandao wenyewe ni mzima.

Cha tatu ndicho ninachokipenda. Kwenye kisanduku cha anwani cha dirisha la mafaili, andika mikwaju miwili ya nyuma ikifuatiwa na anwani, hivi: \\192.168.1.22. Folda zikifunguka, folda ya pamoja haina tatizo lolote. Kilichoharibika ni kutafutana kwa majina tu, na unaweza kutengeneza njia ya mkato yenye anwani hiyo ukaendelea na kazi. Ikiomba nenosiri, barabara ni nzima na shida ni utambulisho. Ikirudisha namba ya kosa 0x80070035, maana yake haikuifikia kompyuta hiyo kabisa: tazama fayawoli, tazama kama mashine imelala, rudi kwenye kipimo cha kwanza.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo manne: kasi yake kwa faili kubwa, namna inavyogoma na jinsi ya kuitibu, nani anaweza kuyaona mafaili yako, na inamfaa nani. Kwa upande wa kasi nimetumia mfano mmoja, gigabaiti 10 za video.

1. Kuirekebisha folda ya pamoja ya Windows

*Kasi.* Kwa kebo, hakuna cha kulalamikia. Mtandao wa gigabiti hupitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, kwa hiyo mzigo wetu wa mfano unahamia ndani ya dakika moja na nusu hivi, mradi diski za pande zote mbili ziwe na kasi hiyo. Ukiona kasi imeng'ang'ania megabaiti 11, kuna mahali mwendo umeshuka hadi megabiti 100, na dakika moja na nusu inakuwa robo saa. Shuku kebo kwanza. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo, ilhali megabiti 100 inatumia mbili tu. Waya mmoja ukikatika kwenye kichwa cha kebo, vifaa hushuka mwendo bila kukuambia kitu. Kwa Wi-Fi, kumbuka kwamba kompyuta zote mbili zikiwa hewani, kila kipande cha faili kinapanda hadi kwenye ruta kisha kinashuka tena, kwa hiyo muda wa hewa unaliwa mara mbili.

*Inavyogoma.* Hapa ndipo penye kazi, na nitakaa kidogo.

Chanzo kinachoongoza kwa uzoefu wangu ni aina ya mtandao. Windows ikiunganishwa na Wi-Fi mpya huichukulia kuwa mtandao wa umma, na kwenye mtandao wa umma hujificha isionekane na wenzake. Ukibadilisha ruta, au hata jina la Wi-Fi tu, kompyuta inaona mtandao mgeni na kujifungia upya. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, uugeuze kuwa binafsi kwenye kompyuta zote, kisha uwashe ugunduzi wa mtandao na ushirikishaji wa mafaili.

Kinachofuata ni nenosiri. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikiandika tarakimu nne kwenye kisanduku cha nenosiri, zile zile ninazofungulia kompyuta kila asubuhi, nacho kikinikatalia kila mara. Zile tarakimu ni PIN, na PIN ni ya kompyuta ile ile ilikowekwa, haivuki mtandao. Kinachotakiwa ni jina na nenosiri la akaunti iliyoko kwenye kompyuta yenye folda, na kama ni akaunti ya Microsoft, ni anwani ya baruapepe na nenosiri la akaunti hiyo. Nilikuwa nimelisahau, maana PIN ilinizoesha uvivu. Akaunti isiyo na nenosiri kabisa nayo haitakubaliwa, kwa kuwa Windows kwa kawaida hairuhusu akaunti ya namna hiyo kuingia kwa njia ya mtandao. Dawa rahisi ni kuunda kwenye kompyuta yenye folda akaunti ndogo ya ndani, yenye jina na nenosiri lake, kwa ajili ya kazi hii peke yake. Na kama uliwahi kubadilisha nenosiri, futa la zamani lililohifadhiwa kwenye kidhibiti cha vitambulisho (Credential Manager) upande wa pili, la sivyo kompyuta itaendelea kubisha hodi kwa ufunguo wa zamani.

Folda inafunguka lakini hairuhusu kuandika? Kuna tabaka mbili za ruhusa: ya kushirikisha folda, na ya faili lenyewe kwenye diski. Iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Watu hufungua ya kwanza kwa kila mtu, wakasahau ya pili.

Kisha kuna umri. Maelekezo ya zamani yatakutuma ukatafute HomeGroup, njia ya zamani ya Windows ya kuunganisha kompyuta za nyumbani. Usihangaike, iliondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Vifaa vya zamani vinaongea SMB1, toleo la kwanza la SMB, itifaki (lugha) ambayo Windows hutumia kushirikisha mafaili. Windows 10 ilianza kuiondoa SMB1 mwishoni mwa 2017, na Windows 11 toleo la 24H2 la Pro linakataa kuingia kama mgeni bila nenosiri, tena linadai mawasiliano yatiwe sahihi ya kidijitali. Kwa hiyo kifaa kilichofunguka miaka yote kinaweza kufungiwa mlango siku moja baada ya sasisho, bila wewe kugusa chochote.

*Nani anaona.* Yeyote aliye ndani ya mtandao na mwenye nenosiri. Ukizima ulinzi wa nenosiri ili kujirahisishia, ni yeyote aliye ndani ya mtandao, akiwemo mgeni uliyempa Wi-Fi. Na usiwashe SMB1 kwa sababu tu imependekezwa mahali. Programu hasidi ya WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa kupitia udhaifu wa itifaki hiyo hiyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye kompyuta mbili au tatu za Windows, ambaye moja inabaki imewashwa muda mwingi, na anayetaka kulifungua faili pale lilipo bila kutengeneza nakala. Awe tayari kuishika mara mojamoja. Folda ya pamoja haikufii mikononi ghafla. Inaugua kila mazingira yanapobadilika.

2. Flashi au diski ya nje

*Kasi.* Inategemea kifaa kuliko watu wanavyodhani. USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, na flashi nyingi haziandiki hata kwa nusu ya hapo. Diski ya nje isiyo na sehemu zinazozunguka, ikichomekwa kwenye USB 3.0, inaipita kebo ya gigabiti. Lakini hesabu mara mbili: unanakili kuingia, kisha kutoka.

*Inavyogoma.* Mgomo maarufu ni ule wa kuambiwa faili ni kubwa mno ilhali flashi ina nafasi tele. Hiyo ni FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili kwenye flashi, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Hamisha vilivyomo, iumbize upya (format) kwa mpangilio wa exFAT, nayo Windows na Mac zote zitaisoma na kuiandika. Mgomo wa pili hauna ujumbe: ripoti imehaririwa kwenye kompyuta ya sebuleni, ikahaririwa tena kwenye ya chumbani kutoka nakala ya juzi, na sasa hakuna anayejua ipi ni ya mwisho. Flashi haitakuonya.

*Nani anaona.* Aliyeishika. Ikidondoka njiani, aliyeiokota.

*Inamfaa nani.* Mwenye mzigo mkubwa wa mara moja, mwenye kompyuta isiyotakiwa kugusa mtandao, na yule ambaye faili linahitajika sasa hivi na matengenezo yatasubiri kesho.

3. Programu za kurushiana: LocalSend na Syncthing

Nimeziweka pamoja kwa kuwa zote ni za bure, msimbo wake uko wazi, na hazihitaji kupitisha mafaili yako kwenye hifadhi ya kampuni yoyote. Kazi zao ni mbili tofauti. LocalSend inarusha faili mara moja: unachagua faili, unaona jina la kifaa kingine, unabonyeza, mwenzako anakubali. Syncthing inazifanya folda mbili au zaidi zifanane daima. Ukiongeza kitu huku, kinaonekana kule.

*Kasi.* Ndani ya nyumba ni ile ile ya mtandao wako, kama folda ya pamoja. Syncthing ina jambo moja la kushangaza: ikishindwa kuifikia kompyuta nyingine moja kwa moja, inaweza kuzunguka kupitia seva za kupokezana kwenye intaneti. Mafaili yanafika, ila yanatambaa. Ukiona inakwenda pole kupita kiasi ilhali mashine ziko chumba kimoja, tazama kama kiungo kimeandikwa kuwa cha kupokezana (relay).

*Inavyogoma.* Kifaa hakionekani kwenye orodha. Sababu huwa ni ile ile ya Wi-Fi ya wageni, au ni fayawoli: siku ya kwanza Windows iliuliza kama programu iruhusiwe, nawe ukabonyeza kukataa bila kusoma. Ruhusu programu kwenye mtandao binafsi. Anayependa kufanya kwa mkono afungue kwenye fayawoli mlango (port) namba 53317 kwa LocalSend na 22000 kwa Syncthing. Faida kubwa hapa ni kwamba ile kesi nzima ya akaunti, PIN na tabaka za ruhusa haipo.

Syncthing ikikutana na faili lililobadilishwa pande zote mbili haichagui kwa siri. Inabakiza moja na kuliita jingine jina lenye neno sync-conflict, ili uamue mwenyewe. Hilo ni jema. Hatari yake iko kwenye kufuta: ukifuta upande mmoja, upande wa pili unafuta pia. Washa utunzaji wa matoleo ya zamani siku ile ile unapoisakinisha.

*Nani anaona.* Vifaa ulivyovikubali mwenyewe, na mawasiliano yamefungwa kwa usimbaji.

*Inamfaa nani.* LocalSend inamfaa mwenye mchanganyiko wa simu, Mac, Linux na Windows ambaye hurusha faili mojamoja. Syncthing inamfaa mwenye kompyuta ya mezani na ya kubebeka anayetaka folda ya kazi iwe ile ile kote, na ambaye nafasi ya diski kwake si tatizo, maana kila kifaa kinabeba nakala kamili.

4. Diski moja ya nyumba nzima

Hii ina sura mbili: NAS, yaani kisanduku chenye diski zake na programu yake, au diski ya kawaida iliyochomekwa kwenye tundu la USB la ruta.

*Kasi.* NAS kwa kebo ya gigabiti inafika kwenye zile megabaiti 110. Diski kwenye ruta huwa ya polepole zaidi, kwa sababu kichwa cha ruta kina kazi nyingine za kufanya.

*Inavyogoma.* NAS haigomi kwa kulala wala kwa mtu kuzima kompyuta yake, na hiyo pekee inaondoa nusu ya kero. Ila nayo kwa kawaida inaongea SMB, kwa hiyo madai mapya ya Windows yanaigusa: tengenezea kila mtu akaunti yenye nenosiri badala ya kutegemea kuingia kama mgeni. Ipe anwani isiyobadilika kwenye mipangilio ya ruta. Kwa diski ya kwenye ruta, swali la kwanza liwe kama ruta hiyo inajua SMB2 au zaidi. Ikiwa inajua SMB1 tu, hiyo ndiyo sababu Windows mpya haiioni, na jibu ni programu mpya ya ruta, kama ipo. Diski mbili zinazoakisiana ndani ya NAS zinakulinda diski moja ikifa. Hazikulindi na faili ulilolifuta kwa makosa, maana linafutika kote mbili kwa pamoja.

*Nani anaona.* Unayempa akaunti, folda kwa folda. Usiuweke mlango 445, ambao SMB huutumia, wazi kuelekea intaneti, hata kwa siku moja.

*Inamfaa nani.* Nyumba yenye watu kadhaa na mafaili mengi ya pamoja: picha, video, nakala za akiba za kila kompyuta. Kwa mtu mmoja mwenye laptopu moja na nusu (tuseme ya pili ni ile inayozimika yenyewe), ni kununua lori la kubebea kikapu.

5. Hifadhi ya mtandaoni

*Kasi.* Hapa hutegemei mtandao wa nyumbani bali kasi ya kupakia ya intaneti yako. Kwa megabiti 5 kwa sekunde, zile gigabaiti 10 zinachukua zaidi ya saa nne kupanda, ndipo kompyuta ya pili ianze kuzishusha. Kwa nyaraka na majedwali hutaona tofauti yoyote.

*Inavyogoma.* Intaneti ikikatika, au nafasi ikijaa. Bila malipo, Google inatoa gigabaiti 15 zinazogawanywa na barua na picha, OneDrive 5, Dropbox 2. Kuna pia mtego wa faili linaloonekana kwenye orodha lakini mwili wake uko mtandaoni. Unalijua siku umekaa pasipo intaneti ukalibonyeza. Weka alama ya kubaki kwenye kifaa kwa folda unazozihitaji.

*Nani anaona.* Mtoa huduma anayatunza kwenye mashine zake. Viungo vya kushirikisha ulivyovitoa mwaka juzi bado viko hai mpaka uvifute.

*Inamfaa nani.* Anayefanyia kazi nyaraka nyumbani na nje ya nyumba, na asiyetaka kusikia neno IP maishani mwake.

Kwa hali yako

Folda ilikuwa nzima na imekufa baada ya kubadilisha ruta: usihame. Rudisha mtandao kuwa binafsi, jaribu kwa anwani ya IP, na uwezekano ni mkubwa umemaliza.

Imekufa baada ya sasisho la Windows, na upande wa pili ni kifaa cha zamani: angalia kama kifaa kinaweza kusasishwa au kupewa akaunti yenye nenosiri. Kama haiwezekani, yatoe mafaili kwenye diski hiyo ukihamie kitu kipya.

Shida yako ni picha kutoka simu kwenda kompyuta: LocalSend, na folda ya pamoja uiache ipumzike.

Mnahariri hati moja watu wawili: hifadhi ya mtandaoni yenye uhariri wa pamoja. Flashi na Syncthing zitawaletea nakala mbili mapema au baadaye.

Kompyuta ya mwenzako huzimwa kila usiku na wewe unafanya kazi usiku: folda ya pamoja haitakufaa hata ikiwa nzima. Syncthing itakuletea nakala muda mtakapokuwa mmewasha wote, na NAS haitajali nani amelala.

Na kama vipimo vya mwanzo vimeonyesha mitandao miwili ndani ya nyumba moja, shughulikia hilo kabla ya yote: ibadilishe ruta ya pili iwe kituo cha Wi-Fi tu (access point), isigawe anwani zake. Baada ya hapo ijaribu tena ile folda ya pamoja. Huenda haikuwa na ugonjwa wowote.